Wakisema Iko kwa Damu Yetu

Hii si ile posti ya makanga wa Jogoo Road niliyowaahidi, hiyo itangoja wiki ijayo. Leo nina deni, na deni nililokopa mbele ya watu nalilipa mbele ya watu.

Mwaka jana niliweka video ya dakika moja na nusu. Wengi wenu mliiona, juu ndiyo iliyosambaa kuliko zote nilizowahi kutengeneza. Nimesimama kwa lango la soko la Muthurwa, mikokoteni inapita nyuma yangu, na mimi nimekaza sauti kama profesa: "Wasee, sayansi imesema. Bipola si ugonjwa wa kichwa, ni ugonjwa wa kinga ya mwili. Inua kinga, akili itatulia." Mlinipongeza wiki nzima. Mtu mmoja aliniita daktari na sikumkataza.

Brathe wangu mkubwa pia aliiona. Brathe ana bipola. Amenikubalia niandike haya, amesoma rasimu yote kabla yenu, na kuna mistari miwili aliniambia nitoe. Nimetoa.

Wiki tatu baada ya ile video aliacha lithiamu. Hakuambia mtu. Kuna jamaa huwa anapita na spika begani kati ya stage na vibanda vya viatu, anauza unga wa kuinua kinga kwa mikebe. Brathe alimwonyesha video yangu. Jamaa akaitazama hadi mwisho, akamwambia, "Si umemsikia ndugu yako mwenyewe? Hiyo dawa ya hospitali inakulaza tu akili. Tibu kinga." Akamuuzia mikebe mitatu. Yaani tangazo lilikuwa mimi, na sikulipwa hata ndururu.

Mwanzoni tulifurahi, na hapo ndipo watu ambao hawajaishi na huu ugonjwa huwa hawaelewi. Brathe huuza mashati ya mitumba. Ghafla akawa wa kwanza kufika sokoni, anaimbia wateja, anachekesha hadi askari wa kanjo. Mathee akasema, "Mungu amenirudishia mtoto." Wiki ya pili akaacha kulala. Sisemi alilala kidogo, aliacha kabisa. Saa tisa usiku anapigia watu simu kuwaambia atanunua nyumba zote za reli zirudi kwa wenyewe. Babu yetu alikuwa mtu wa reli, tumezaliwa kwa hizo nyumba, na ile kesi ya wapangaji wa Muthurwa kufukuzwa, iliyoamuliwa Mahakama Kuu mwaka 2013, bado inaongelewa kwetu kama ya jana. Kwa hivyo hata kuchanganyikiwa kwake kulikuwa na historia ndani.

Kisha akachukua bale nne kwa mkopo, akazifungua zote asubuhi moja, na akauza kamera kwa bei ya fagia. Kama hujawahi kuuza mitumba, kamera ni zile nguo safi unazochagua kwanza bale ikifunguliwa, ndizo zinakurudishia pesa yako. Fagia ni mabaki, yanamwagwa chini na kila mtu anajichagulia kwa bei ya kutupa. Brathe alikuwa anagawa mashati ya kamera akisema pesa ni karatasi tu. Watu walichukua. Hata watu wa vibanda jirani walichukua, wanaomjua tangu akiwa mtoto. Hilo nitalirudia siku nyingine nikiwa nimepoa.

Siku ya kumi na mbili tulimpata Landhies Road bila viatu, anaongoza matatu. Alilazwa wiki tano. Deni la zile bale tunalilipa hadi leo, mathee na mimi.

Sasa, soko lina mdomo. Kabla hata hajatoka hospitalini sentensi ilikuwa imeshapita vibanda vyote: "Iko kwa damu yao. Si babu yao pia alikuwa hivyo?" Wazazi wa msichana aliyekuwa aolewe na Brathe wakatuma ujumbe kwamba mazungumzo yamesimama kidogo. Hicho kidogo sasa kina miezi saba. Halafu sistaa wetu mdogo, yuko Form Two, akaniuliza jioni moja tukiosha vyombo, bila hata kuniangalia: "Na mimi itanishika?"

Sikuwa na jibu. Mtu wa video ya dakika moja na nusu, na sina jibu kwa mtoto wa nyumbani. Ndiyo nikaanza kusoma vizuri, ile kusoma nilipaswa kufanya kabla ya kushika simu na kujirekodi.

Tuanze na neno lenyewe, juu tunalitumia ovyo. Mtu akikubali mwaliko asubuhi na akikataa jioni mnasema "huyu ni bipola". Hapana, huyo ni mtu ambaye hataki kuja kwako. Bipola ni vipindi. Kuna kupanda: siku kwa siku nguvu zinazidi, usingizi unakataa, maneno yanakimbizana, unaona unaweza kununua mji. Kuna kushuka: wiki nzima huwezi kuinuka kitandani, na kwa wengine mawazo ya kufa. Katikati kuna siku nyingi za kawaida ambazo huwezi kumtofautisha na mwingine yeyote. Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu milioni 40 hivi waliokuwa na bipola mwaka 2019. Mwaka huo huo sensa yetu ilihesabu Wakenya milioni 47.6. Piga picha basi.

Na je, iko kwa damu? Hapa ndipo mambo yanakuwa matamu, juu jibu ni kwamba watu wa sokoni wamekaribia ukweli kuliko wanavyojua, lakini wameushika kwa upande usiofaa.

Ugonjwa huu unaenda na ukoo, hilo halina ubishi. Lakini haurithiwi kama jina la baba. Kati ya watu 100 wenye mzazi au ndugu wa damu mwenye bipola, 5 hadi 10 hivi ndio huipata. Wanaobaki ni 90 hivi au zaidi. Hata mapacha wanaofanana kabisa, jeni zilezile, mmoja akiugua si lazima mwingine augue.

Mwaka 2021 kundi kubwa la watafiti wa nchi nyingi lilitoa matokeo. Walilinganisha DNA ya watu 41,917 wenye bipola na ya watu 371,549 wasio nayo. Walipata sehemu 64 ambapo makundi hayo mawili yanatofautiana kidogo. Januari 2025 wenzao wakarudi na watu 158,036 wenye bipola, na sehemu zikafika 298. Soma hiyo namba tena. Sehemu 298, na kila moja inasukuma kidogo sana, kama mtu mmoja anayesukuma basi lililokwama. Hakuna jeni ya bipola. Hakuna daktari atakayekupima damu akuambie unayo au huna.

Moja ya zile sehemu 64 za 2021 ndiyo iliyonipa ile video. Iko kwenye kromosomu ya 6, mtaa unaoitwa MHC, na ndani ya huo mtaa zinakaa jeni za HLA. Kazi yake nitawaelezea kwa lugha ya Eastlands. Mnajua msako. Polisi wamesimama, toa kitambulisho. Mwilini kila seli inatoa kitambulisho muda wote. Inachukua vipande vya protini za ndani yake na kuvionyesha nje, na HLA ndiyo mkono unaokishika hicho kitambulisho. Chembe nyeupe zinapita zikikagua. Seli ikionyesha kipande cha virusi, inamalizwa. Kila mmoja wetu ana mikono ya aina yake, ndiyo maana figo ya mtu hivihivi tu haikubaliki kwa mwili wa mwingine.

Mbona mkono wa kushika kitambulisho uhusike na mtu kuacha kulala Muthurwa? Hapo ndipo nilipodanganya. Sikukusudia, lakini nilidanganya. Huo mtaa wa MHC umebanana kama soko lenyewe. Jeni zaidi ya 200 zimekaa bega kwa bega na zinarithiwa kwa mafungu. Ukisimama Haile Selassie ukasikia wimbo unatoka sokoni, unajua unatoka sokoni. Hujui ni kibanda gani. Watafiti wako hapo hapo barabarani na bipola, wanasikia wimbo. Mimi kwa video nilitaja hadi jina la kibanda.

Na hilo jina nililitoa kwa ugonjwa mwingine. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walichambua jeni moja ya mtaa huo, C4, ambayo kawaida inasaidia kuwekea vijidudu alama ili viliwe. Waliona aina fulani za C4 zinaongeza hatari ya skizofrenia, na kwamba kwenye ubongo protini hiyo inashiriki kupogoa miunganiko kati ya seli, kama mtu anavyopunguza matawi. Ni kazi nzuri ajabu. Lakini ni skizofrenia. Mimi nikachukua huko nikabandika huku, juu video ilihitaji mwisho wa kushtua.

Basi kinga haihusiki? Pengine inahusika, kidogo, kwa baadhi ya watu. Denmark, ambako serikali inaweka rekodi ya kila mtu, waliangalia watu zaidi ya milioni 3.5 na wakachapisha mwaka 2013. Waliowahi kulazwa kwa maambukizi walikuwa na uwezekano wa asilimia 62 zaidi kuja kupata magonjwa ya hisia, na wenye magonjwa ambapo kinga inashambulia mwili wenyewe asilimia 45 zaidi. Hiyo ni bipola pamoja na sonona, na ni kuambatana tu, haimaanishi moja limezaa lingine. Lakini ukiiweka kando ya zile jeni, unaona kwa nini wenye akili zao hawalichukulii hili kama mzaha.

Hospitali ya Mathari ilianza kazi ya kutunza wagonjwa wa akili mwaka 1910, na kabla ya hapo palikuwa mahali pa kutenga wagonjwa wa ndui. Kuta zilezile. Kwanza vijidudu, kisha akili, na sisi tukabaki na tusi, "huyu apelekwe Mathare", hata herufi tunakosea.

Sasa njooni kwa kitu ambacho kimenikosesha usingizi, na sisemi kama Brathe. Jeni za HLA si mambo ya wazungu wa mbali. Sehemu ya yale dunia inajua kuhusu hizo jeni na HIV ilijifunzwa hapa hapa Eastlands, kwa damu ya wanawake wa Majengo. Kutoka Muthurwa unafika kwa miguu. Tangu mwaka 1985 Chuo Kikuu cha Nairobi na cha Manitoba, Kanada, walifuatilia wanawake wanaofanya biashara ya ngono Pumwani. Wakagundua kitu ambacho hakuna aliyetarajia: baadhi yao walikutana na virusi mwaka baada ya mwaka na hawakuambukizwa. Walipochunguza kwa nini, moja ya majibu ilikuwa aina za HLA walizozaliwa nazo. Wanawake ambao mtaa uliwaita kila jina baya ndio waliofundisha maprofesa.

Kwa hivyo mtu akiniambia "iko kwa damu yenu", mimi sasa namuuliza: damu gani? Hiyo yenye jeni ambazo kwa jirani yangu zilizuia virusi?

Kuna mwingine, Anthony Allison, mzungu aliyekulia Kenya. Mwaka 1949 alizunguka nchi akipima damu, akaona alama ya selimundu imejaa Pwani na kando ya Ziwa lakini ni adimu huku milimani. Mwaka 1954 akaonyesha sababu. Ukirithi nakala moja, malaria inakuogopa. Ukirithi mbili, unaugua maisha yako yote. Jeni moja, ngao na kisu. Kwa bipola hakuna aliyeonyesha kitu kilichonyooka hivyo, na sitaki kurudia kosa langu kwa kuwaambia kipo. Nasema tu, mtu wa Kenya anapaswa kuwa wa mwisho kuamini kwamba kuna "damu mbaya". Sisi ndio tuna mfano wa kwanza kwenye vitabu.

Halafu hasira yangu. Wale watu 41,917 wa 2021, wote walikuwa wa asili ya Ulaya. Wote. Ule wa 2025 uliongeza watu wa asili nyingine, wakiwemo Wamarekani weusi, lakini bado Wazungu ndio wengi sana. Kwa jumla Waafrika ni chini ya asilimia 3 ya watu wote waliowahi kuhesabiwa kwenye tafiti za namna hii. Na kwenye HLA jambo hilo linauma zaidi kuliko kwingine kokote, kwa sababu Afrika ndiko zinakopatikana aina nyingi zaidi za hizo jeni. Yaani mtaa wenye vibanda vingi kuliko yote ndio ambao hakuna aliyeingia kuuliza bei. Kinachoonekana kwa mtu wa Denmark kinaweza kuwa kweli kwa Brathe, au kisiwe kweli kabisa.

Walioanza kuingia wapo. Kuanzia 2018 kuna utafiti unaoitwa NeuroGAP-Psychosis, Kenya, Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini, lengo watu 34,000, nusu wakiwa na skizofrenia au bipola na nusu bila. Kwetu unaendeshwa na Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, na KEMRI-Wellcome, Kilifi. Hata damu haichomwi, unatema mate kwenye kichupa. Najua mtakachosema: wanakuja kuchukua DNA yetu wauze. Ni swali halali kabisa, na wanawake wa Majengo wana haki ya kuliuliza kabla ya sisi sote. Nani anatunza, nani anafaidi, dawa ikipatikana itafika hapa kwa bei gani? Ulizeni hayo kwa sauti. Lakini ukikataa kuhesabiwa kabisa, usishangae kesho dawa ikitengenezwa kwa kipimo cha mtu mwingine, kama tunavyovaa mashati yaliyokatwa kwa mabega ya Wajerumani.

Sasa mikebe. Hii naiandika polepole.

Kwanza, "kuinua kinga" ni maneno matupu hapa. Wanaotafiti bipola wakishuku kinga, wanashuku kinga iliyowashwa kupita kiasi, inayochemka. Ungetaka kuituliza, si kuiinua. Jamaa wa spika anakuuzia petroli kwa nyumba inayoungua.

Pili, hata kuituliza kumejaribiwa. Pakistan, matokeo yalitoka 2020, walichukua watu 266 waliokuwa kwenye kipindi cha kushuka, wakiendelea na dawa zao, wakawaongezea minosaiklini, antibayotiki ambayo pia hupoza uvimbe, au selekoksibu, dawa ya maumivu. Wengine walipewa vidonge vitupu. Dawa halisi hazikushinda vidonge vitupu. Hiyo ni hospitali, vipimo, madaktari. Sasa mkebe usio na lebo utafanya nini?

Tatu, na nawaomba mmwambie kila mtu anayebeba mizigo. Lithiamu ni chumvi. Tangu John Cade wa Australia aandike kuihusu mwaka 1949 imeokoa watu wengi sana, na bado ni moja ya dawa bora za bipola. Hata yenyewe inagusa kinga. Madaktari wanajua tangu zamani kwamba inaongeza chembe nyeupe. Na mwaka 2018 utafiti wa watu 2,586 wanaoitumia ulionyesha kwamba huenda hizo hizo jeni za HLA zinahusika na nani inamsaidia na nani haimsaidii. Lakini ni dawa yenye masharti. Ikipungua haifanyi kazi, ikizidi kidogo tu inakuwa sumu, ndiyo maana damu hupimwa kila baada ya muda, pamoja na figo na tezi ya shingo. Ukitoka jasho siku nzima bila kunywa maji, kipimo kinapanda. Ukimeza Brufen au diklofenaki kwa mgongo, kinapanda pia. Nani Muthurwa hamezi Brufen kwa mgongo? Brathe alikuwa anazinunua mbili mbili kwa duka la kona na hakuna aliyewahi kumwambia. Kama unatumia lithiamu, mwambie daktari kila kidonge unachomeza, hata cha kuomba kwa jirani. Na usiiache peke yako ghafla. Ukitaka kuiacha, mwambie aliyekupa.

Sistaa nilimjibu, lakini ilinichukua wiki mbili. Nilimwambia ni kama bale. Mathee na buda hawakuifungua kabla ya kutupa. Kila bale ina kamera na ina fagia, hata ya wale wazazi waliosimamisha harusi, ni vile tu yao hawajaifungua mbele ya soko. Uwezekano wako umepanda kuliko wa jirani, sitakudanganya. Bado ni mdogo kuliko uwezekano wa kutoipata. Na kuna vitu viko mikononi mwako: usingizi hasa, juu kukosa usingizi kunaweza kumrusha mtu juu, na bangi, ambayo kwa mtu wa ukoo wetu si mchezo. Ukiona siku tatu hulali na huhisi uchovu, nigongee mlango hata kama ni usiku.

Akafikiria. Akauliza, "Na ukiwa wewe?"

Sikuwa nimefikiria hilo hata kidogo. Nina miaka 21, ndio umri wenyewe inapoanza kwa wengi. Nikamwambia basi yeye anigongee mimi. Akasema sawa, lakini nisimrekodi.

Video nimeitoa. Wale mliihifadhi kwa simu, ifuteni, na kama mlimtumia mtu mwenye bipola mtumieni hii pia, hata kama ni ndefu na haina mziki. Jamaa wa spika nilimfuata, nikamwonyesha nilichoandika. Alisoma mistari mitatu, akaniambia nimeharibu biashara ya mtu maskini, kisha akaniuliza kama mtu mwenye sukari anaweza kutumia ule unga. Nikamwambia amuulize daktari. Tulisimama hapo kidogo, kila mmoja amechoka na mwenzake.

Brathe amerudi kwa kibanda tangu Jumanne. Anaenda polepole, anafunga saa kumi na moja jioni ili alale mapema, na chupa ya maji iko chini ya meza. Kesho asubuhi ana kipimo cha damu, mathee anaenda naye. Alhamisi anafungua bale mpya, moja tu. Mkipita, mnunue shati, na msimwombe kamera kwa bei ya fagia.